UZI: Ukoo wa Wettin, Wajerumani waliogawana nchi mpaka wakabaki na vijiji, kisha tawi lao fukara likatoa wafalme wa nusu ya Ulaya (na Leopold wa Kongo)

Mzee_wa_Nasaba (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Juzi kuna uzi humu ulibishaniwa mpaka ukafungwa: wafalme wa Uingereza ni Waingereza, au ni Wajerumani waliobadilisha jina? Waliosema ni Wajerumani walitaja Saxe-Coburg na Gotha, wakaishia hapo hapo. Hicho ni kijitawi tu. Shina lake linaitwa Wettin, ukoo uliotawala mashariki ya Ujerumani kwa zaidi ya miaka mia nane, na kwa sehemu kubwa ya muda huo ustadi wao mkubwa ulikuwa kugawana urithi.

Kijitawi hicho ndicho kilichotoa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo. Kwa hiyo hata kama habari za Wazungu na mataji yao hazikupi usingizi wala hazikunyimi, hii inakugusa kama una watu Kasongo, Kalemie, Bujumbura au Kigali.

Rai yangu naiweka mapema ili wanaotaka kunipinga wajipange: Leopold hakuwa ajali. Hawa jamaa kwa karne nyingi waliiona nchi, na watu waliomo ndani yake, kuwa mali ya familia. Inarithiwa, inakatwa vipande, inawekewa madeni, inahamishwa kwa ndoa. Alichokifanya Kongo ni mazoea ya kwao, ila safari hii palikosekana wa kumshika mkono.

Nashusha kwa vipande. Mwenye haraka aje kesho.

Bibi_Vitabu

Nimeweka kigoda. Shusha.

Mzee_wa_Nasaba

Wettin ni ngome iliyo juu ya mto Saale, karibu na mji wa Halle. Babu wa kwanza anayejulikana ni Dietrich, aliyefariki mwaka 982. Hawakuwa wafalme. Walikuwa mabwana wa mpakani, kazi yao kulinda upande wa mashariki wa Dola Takatifu la Kiroma (muungano wa nchi nyingi, hasa za Kijerumani, chini ya Kaisari mmoja) dhidi ya Waslavi, na kuwanyang'anya hao Waslavi ardhi kila nafasi ilipopatikana. Mwaka 1089 mmoja wao, Heinrich wa Eilenburg, akapewa utawala wa mpaka wa Meissen.

Kilichowanyanyua ni madini. Mwaka 1168 fedha iligunduliwa mahali ambapo baadaye pakawa mji wa Freiberg. Kuanzia hapo familia ilikuwa na pesa taslimu, kitu ambacho watemi wengi wa Ujerumani hawakuwa nacho. Karne ya 13 wakaongeza Thuringia, kwa madai ya urithi na kwa vita. Mwaka 1423 Mfalme Sigismund, akiwa amebanwa na vita vya Wahusi, waasi wa kidini wa Bohemia, na akihitaji mtu wa kumsaidia, akampa Friedrich Mpiganaji jimbo la Saksonia-Wittenberg. Lilikuwa jimbo dogo, lakini lilikuja na kura: watu saba tu katika dola lote walikuwa na haki ya kumchagua Kaisari. Ukoo wa mpakani ukaingia chumba cha wakubwa.

Sasa msikilize kisa cha 1455. Mtoto wa Friedrich, naye Friedrich, aliyeitwa Mpole, alikuwa na wana wawili: Ernst miaka 14 na Albrecht miaka 11. Askari mmoja wa kikabaila, Kunz von Kaufungen, alikuwa anamdai mtemi fidia ya hasara alizopata vitani. Alidai mpaka akachoka. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Julai akaingia ngome ya Altenburg na wenzake, akawachukua watoto wote wawili. Alikamatwa karibu na mpaka wa Bohemia, na masimulizi ya wenyeji yanasema ni wachoma makaa waliomkamata na kumwokoa Albrecht. Tarehe 14 Julai, hata wiki haijakatika, Kunz alikatwa kichwa mjini Freiberg.

Watoto hao wawili waliotekwa pamoja ndio waliokuja kuupasua ukoo.

Mangi_wa_Rombo

Aisee, yaani mtu anadai haki yake mpaka anateka watoto wa bosi. Endelea.

Mzee_wa_Nasaba

Ernst na Albrecht walirithi mwaka 1464 na wakatawala pamoja kwa miaka ishirini. Hesabu moja, mabaraza ya pamoja, kwa muda mrefu hata makazi ya pamoja. Amani ikaisha, na mwaka 1485 wakagawana mjini Leipzig. Utaratibu ulikuwa huu: mkubwa anagawa, mdogo anachagua. Ernst akachora mafungu mawili, Albrecht akachukua fungu la Meissen, lenye Dresden na Leipzig. Ernst akabaki na sehemu kubwa ya Thuringia, na pamoja nayo Wittenberg yenye ile kura, ambayo kwa sheria ya dola haikuruhusiwa kukatwa na ilimfuata mkubwa. Machimbo ya fedha wakaacha ya shirika.

Mipaka yenyewe ilifumwa ovyo, kipande cha huyu ndani ya eneo la yule, kama vile walidhani siku moja watarudiana. Hawakurudiana mpaka leo. Wazao wa Ernst wanaitwa Waernesti, wa Albrecht Waalberti. Shikeni majina hayo mawili, mengine yote yananing'inia hapo.

Mangi_wa_Rombo

Mkuu hii naielewa kuliko unavyodhani. Huku kwetu kihamba cha babu kilikuwa na ekari za kutosha, akagawa kwa wanawe, wale wakagawa kwa wao, leo kuna binamu yangu ana migomba kumi na mbili na kesi mahakamani. Hao Wajerumani hawakuwa na mtu wa kuwaambia?

Mzee_wa_Nasaba

Mangi, mfano wako umefika mahali pake, subiri uone watoto wa mzao wa huyu Ernst, aitwaye Ernst Mchaji.

Waernesti walianza wakiwa juu. Mwana wa Ernst, Friedrich Mwenye Busara, alianzisha chuo kikuu cha Wittenberg mwaka 1502, na mwalimu mmoja wa chuo hicho akaitwa Martin Luther. Baada ya Luther kutiwa nje ya sheria ya dola mwaka 1521, ni huyu mtemi aliyepanga atekwe njiani kwa maigizo na kufichwa katika ngome ya Wartburg, ambako Luther alitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Friedrich alikuwa Mkatoliki mwenye mkusanyiko mkubwa wa masalia ya watakatifu. Alimlinda Luther kwa sababu alikuwa mwalimu wake, katika chuo chake, na hakutaka mtu wa nje amhukumu bila kusikilizwa. Watu wa KKKT mliomo humu, mnamdai huyu mzee shukrani fulani.

Kisha ikaja 1547. Johann Friedrich, mpwa wa huyo Mwenye Busara, aliongoza Waprotestanti dhidi ya Kaisari Karl V. Binamu yake Moritz, wa upande wa Albrecht, alikuwa Mprotestanti pia, lakini akajiunga na Kaisari. Tarehe 24 Aprili huko Mühlberg kando ya mto Elbe Johann Friedrich alishindwa na kutekwa. Malipo ya Moritz yakawa kura na Wittenberg yenyewe. Waprotestanti wenzake wakamwita Yuda wa Meissen. Miaka mitano baadaye akamgeuka na Kaisari pia, na mwaka 1553 akafa kwa jeraha la vitani akiwa na miaka 32 tu. Mimi Moritz namuona ndiye mwanasiasa mkali kuliko wote ukoo huu uliowahi kuzaa, ingawa nisingemkopesha hata baiskeli.

Kwa hiyo tangu 1547 tawi la mdogo ndilo kubwa, na tawi la mkubwa limebaki na Thuringia. Na hapo ndipo Waernesti walipoanza kugawana kwa kweli. 1572 wakagawana. Wakagawana tena, na tena. Ernst Mchaji wa Gotha alipofariki 1675 aliacha wana saba walio hai. Alikuwa mtawala mzuri, aliyehimiza watoto wote wa nchi yake wasome, na alitaka wanawe watawale pamoja. Walijaribu. Mwaka 1680 wakakatana vipande saba: Gotha, Coburg, Meiningen, Römhild, Eisenberg, Hildburghausen, Saalfeld. Saba! Eneo lote ungelipita kwa farasi kwa siku chache, na kila mmoja akataka jumba lake, kanisa lake, wapiga muziki wake na askari wake wa kusimama getini. Watatu kati yao walikufa bila mrithi wa kiume, na waliobaki wakagombea mali za marehemu mpaka mwaka 1735.

Bibi_Vitabu

Ila tusiwaonee. Hizo nchi ndogo ndogo ndizo zilizofuga watu wenye vipaji. Weimar ilikuwa na watu wachache kuliko kata moja ya Dar, lakini Goethe alihamia pale 1775, Schiller naye akafuata, na yote ni kwa sababu watawala wa pale, Mama Anna Amalia na mwanawe Carl August, walitaka kuwa na watu wenye akili mezani. Nchi kubwa isingempa mshairi kazi ya kusimamia migodi na barabara, kama Goethe alivyopewa.

Mzee_wa_Nasaba

Sikatai. Ila ongeza na upande wa pili, Bibi: Johann Sebastian Bach naye alifanya kazi Weimar, tangu 1708. Mwaka 1717 alipotaka kuacha kazi aende kwa bwana mwingine, mtemi wa wakati huo akamweka ndani karibu mwezi mzima, Novemba mpaka mwanzoni mwa Desemba. Mtu wa muziki ni sehemu ya vyombo vya nyumba, haondoki kwa hiari yake. Hayo ndiyo mazoea ninayoyasema.

Kaka_Leipzig

Mimi naishi huku Saksonia, tawi la Albrecht umelipita kasi mno. August Mwenye Nguvu je?

Mzee_wa_Nasaba

Nimelipita kwa sababu kila anayekwenda Dresden anarudi na habari zake. Haya, kwa ufupi. Huyo August, yaani Friedrich August wa kwanza, mtawala wa kitovu cha Uluteri, akawa Mkatoliki mwaka 1697 ili achaguliwe mfalme wa Poland. Mke wake Christiane Eberhardine alikataa kubadili dini na hakukanyaga Poland, na Walutheri wa Saksonia wakampenda kwa hilo. Mwaka 1710 kiwanda cha kaure cha Meissen kikaanzishwa, cha kwanza Ulaya kutengeneza kaure halisi kama ya Wachina. Mwaka 1806 Napoleon akawapa cheo cha ufalme, wakamng'ang'ania mpaka akaanguka, na mwaka 1815 Prussia ikawakata zaidi ya nusu ya nchi. Mfalme wa mwisho alijiuzulu Novemba 1918.

Mangi, kuna kitu chako hapa. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na misioni ya Leipzig, yaani kutoka ufalme wa Waalberti hawa. Bruno Gutmann, aliyekaa Old Moshi na kuandika kwa urefu kuhusu desturi za Wachagga, alizaliwa Dresden mwaka 1876.

Mangi_wa_Rombo

Gutmann namjua, wazee wanamtaja mpaka leo. Sikujua alikuwa raia wa hawa wagawana vihamba.

Mzee_wa_Nasaba

Sasa tuingie Coburg. Hapa nitakaa.

Mwishoni mwa karne ya 18, Coburg-Saalfeld ilikuwa na madeni kiasi kwamba tume ya Kaisari ilisimamia fedha zao kwa miaka mingi. Mtemi Franz alipenda vitabu na michoro, na pesa hazikumpenda. Mke wake Auguste, aliyetoka ukoo wa Reuss, alikuwa na kichwa cha biashara, na bidhaa aliyokuwa nayo ni watoto. Samahani kwa lugha, lakini fuateni mtiririko.

Mwaka 1795 Katerina Mkuu wa Urusi anatafutia mjukuu wake Konstantin mke. Auguste anafunga safari kwenda St Petersburg na mabinti watatu ili mmoja achaguliwe. Akachaguliwa Juliane, miaka 14. Akaolewa mwaka uliofuata, akateswa na mume katili, na mwaka 1801 akaondoka Urusi asirudi. Kwake yeye ilikuwa balaa. Kwa ukoo ilikuwa mlango: kaka zake walipata vyeo katika jeshi la Urusi, na Wafaransa walipoikalia Coburg mwaka 1806, ni uzito wa Urusi katika mkataba wa Tilsit mwaka 1807 ulioirudisha nchi kwa familia.

Mdogo wa mwisho, Leopold, aliingia Paris mwaka 1814 na jeshi la Urusi. Kijana mzuri wa sura, hana senti. Mwaka 1816 akamuoa Charlotte, mrithi wa kiti cha Uingereza. Bunge likampa pauni 50,000 kwa mwaka. Mwaka mmoja na nusu baadaye Charlotte alijifungua mtoto mfu, na yeye akafa saa chache baadaye, Novemba 1817. Leopold akabaki mjane mwenye pensheni, jumba na uzoefu wa siasa za London, lakini hana taji.

Je, alirudi kwao kulima? Akamwozesha dada yake Victoire kwa mmoja wa ami wazee wa marehemu Charlotte, mtemi wa Kent, na Mei 1819 akazaliwa Victoria. Miezi mitatu baadaye, Rosenau karibu na Coburg, mkunga yule yule, Charlotte von Siebold, alimpokea mtoto wa kaka yao Ernst: Albert. Mkunga mmoja, watoto wawili, na mwaka 1840 wakaoana. Binamu wa damu.

Leopold mwenyewe alipewa Ugiriki mwaka 1830, akaitazama akaikataa. Mwaka uliofuata Wabelgiji waliojitenga na Uholanzi wakamwita. Aliapa Brussels tarehe 21 Julai 1831, na siku hiyo bado ni sikukuu yao ya taifa. Kaka mwingine, Ferdinand, alimuoa Antonia Koháry, mrithi pekee wa mali kubwa huko Hungaria, watoto wakalelewa Ukatoliki, na ndoa za Kikatoliki zikafunguka: mtoto wake akamuoa malkia wa Ureno mwaka 1836, na mjukuu wake akachaguliwa kutawala Bulgaria mwaka 1887.

Hesabuni wenyewe. Ubelgiji, Uingereza, Ureno, Bulgaria. Binti wa Leopold, Charlotte, akaongeza Meksiko kwa miaka mitatu, mumewe Maximilian akapigwa risasi 1867. Vyote hivyo bila kupiga vita hata moja ya kuteka nchi. Lipo dhihaka linalohusishwa na Bismarck kwamba Coburg ni zizi la madume ya mbegu ya Ulaya.

NyeriNdani

Kwa hivyo Queen Victoria alikuwa wa ukoo huu wa Wettin?

Mzee_wa_Nasaba

Hapana. Kwa baba alikuwa wa Hanover, ukoo mwingine kabisa uitwao Welf. Mama yake na mumewe ndio Wakoburg. Mfalme wa kwanza wa Uingereza aliye Wettin kwa baba ni mwanawe, Edward VII, mwaka 1901. Kwa hiyo ziwa mnaloliita Victoria lina jina la mtoto wa Hanover, na Ziwa Albert, lililopewa jina hilo na Samuel Baker mwaka 1864, lina jina la Mwettin halisi.

Mtoto_wa_Katanga

Jambo kwenu wote. Mimi niko Lubumbashi. Mzee, umesema utafika Kongo, na sisi tunangoja. Huku majina ya hiyo familia yalijaa kwenye ramani yote: Léopoldville, Albertville ndio Kalemie, Baudouinville ndio Moba. Hata mji wetu ulikuwa Élisabethville, jina la bibi (mke) ya Albert wa kwanza, mfalme wa Ubelgiji. Bazungu walitembea nchi nzima wakiandika majina ya watoto wao.

Mzee_wa_Nasaba

Karibu ndugu. Na Rwanda, Butare iliitwa Astrida, jina la mke wa Leopold III.

Leopold II alirithi Ubelgiji mwaka 1865. Mwanawe wa pekee alikufa mwaka 1869 akiwa na miaka tisa. Hamu yake ya koloni ilikuwapo hata kabla hajawa mfalme, na serikali yake haikuitaka. Basi akafanya kama mtu binafsi. Septemba 1876 aliita mkutano wa wanajiografia Brussels, akaunda Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, jina tamu la kisayansi na la kupinga utumwa. Kituo chao cha kwanza hakikuwa Kongo. Kilikuwa Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, Katavi ya leo, mwaka 1879. Mwaka huo huo walishusha tembo wanne wa Kihindi Msasani wawe wabeba mizigo badala ya wapagazi. Mpango ukafa pamoja na tembo.

Kisha akamtuma mvumbuzi Stanley upande wa magharibi, na mwaka 1885 mataifa yakamtambua kuwa mwenye Dola Huru la Kongo. Yeye, si Ubelgiji. Nchi kubwa mara 76 hivi ya Ubelgiji, mwenye nayo mtu mmoja ambaye hakuwahi kuikanyaga. Mwaka 1887 wakala wake Stanley aliingia mkataba Zanzibar na Tippu Tip, akamfanya liwali wa maporomoko ya Stanley kwa mshahara. Miaka mitano baadaye vita vikawaka kati ya dola hilo na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, Nyangwe na Kasongo zikaanguka mwaka 1893.

Habari za utomvu wa mpira mnazijua: kila kijiji kipimo chake, asiyetimiza mateka, viboko, risasi, na askari waliotakiwa kuleta mikono iliyokatwa kama hesabu ya risasi. Ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, ya 1904 iliyasema hayo wazi.

Lakini jambo ninalotaka mlitazame ni karatasi. Mwaka 1889 Leopold aliandika wasia akiirithisha Kongo kwa Ubelgiji. Wasia! Kama babu zake wa 1485 na 1680. Na Ubelgiji ilipoichukua mwaka 1908 kabla hajafa, ilimlipa, ikiwemo faranga milioni 50 za shukrani kwa kujitolea kwake. Hiyo ni hesabu ya mtu anayehamisha shamba.

Bibi_Vitabu

Hapo nakupinga, na nilikuwa nangoja. Leopold II alizaliwa Brussels, si Thuringia. Baba yake alikula kiapo cha katiba iliyomfunga mikono kuliko karibu katiba yoyote ya wakati ule. Nadhani ni kinyume chake: alitafuta Kongo kwa sababu nyumbani alibanwa. Na wenzake wa koo nyingine walifanya nini? Wajerumani wa Namibia hawakuwa chini ya Wettin. Makampuni ya mpira ya Wafaransa ng'ambo ya mto hayakuwa na Coburg hata mmoja, na yalitesa vile vile. Ukilaumu nasaba, unawasamehe wenye hisa.

Mzee_wa_Nasaba

Wenye hisa siwasamehi. Na kuhusu katiba nakubali nusu: ilimbana, ndiyo maana akatafuta pasipo na katiba. Lakini mtu aliyebanwa angeweza kutafuta kampuni, au ugavana, au kulishawishi bunge. Yeye alitaka enzi kamili juu ya nchi, kwa jina lake, ya kurithisha. Umbo hilo la matamanio lilitoka mahali. Ujerumani mwaka 1885 ilimpa Carl Peters hati ya ulinzi, na kampuni ikatawala huku kwetu. Hakuna aliyedai Tanganyika ni mali binafsi ya Kaisari Wilhelm.

Mtoto_wa_Katanga

Mimi niseme neno moja juu ya hii mabishano. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Baudouin, mfalme wa Ubelgiji, alisimama pale Léopoldville akasema uhuru wetu ni matunda ya kazi iliyobuniwa na akili kubwa ya Leopold II. Lumumba akasimama akamjibu mbele ya wageni wote. Baudouin hakusema habari ya serikali ya Ubelgiji kwanza, alisema habari ya mzee wa ukoo wake. Kwa hiyo Mzee ana haki. Mwaka 2020 Philippe, mfalme wa Ubelgiji, aliandika barua kwa rais wetu Tshisekedi akisema anajuta sana, na Juni 2022 alikuja mpaka huku Lubumbashi. Majuto alisema. Kuomba samahani hakuomba.

Bibi_Vitabu

Hilo la hotuba ya Baudouin lina uzito. Nimebaki na wenye hisa wangu, lakini lina uzito.

NyeriNdani

Na sisi Kenya? Elizabeth alipata umalkia akiwa hapa kwetu, Treetops, Februari 1952. Miaka miwili baadaye Mau Mau wakaichoma hiyo hoteli. Yeye bado ni Wettin?

Mzee_wa_Nasaba

Kwa nasaba ya baba, ndiyo: Albert, Edward VII, George V, George VI, Elizabeth. Jina tu ndilo lililobadilika. Mwaka 1917 Uingereza ilikuwa inapigana na Ujerumani, na ndege zilizoangusha mabomu London mwezi Juni ziliitwa Gotha, kwa kuwa zilitengenezwa mji huo wa Gotha. Mfalme anayebeba jina la ndege ya adui! Tarehe 17 Julai George V akatangaza kwamba wao sasa ni Windsor, jina la ngome yao.

Charles III ni habari nyingine. Kwa baba yake Philip, anatoka Glücksburg, tawi la ukoo wa Oldenburg. Kwa hiyo tangu Septemba 2022, kwa mstari wa kiume, mfalme pekee wa Kiwettin aliyebaki kwenye kiti ni Philippe wa Ubelgiji. Bulgaria walimfukuza Simeon mwaka 1946 akiwa mtoto, akarudi mzee akagombea, akawa waziri mkuu kuanzia 2001 hadi 2005. Huyo namheshimu, alipigiwa kura.

Kaka_Leipzig

Na Coburg yenyewe? Nilipita pale, mji mzuri, sanamu ya Albert ipo sokoni. Lakini uko Bavaria, si Thuringia. Imekuwaje?

Mzee_wa_Nasaba

Mtemi wa mwisho, Carl Eduard, alikuwa mjukuu wa Victoria, alizaliwa Uingereza. Mwaka 1900 akiwa na miaka 16 alirithi Coburg, kwa kuwa wengine walikufa au hawakutaka. Vita ya kwanza akasimama na Ujerumani, Waingereza wakamvua vyeo. Baadaye akawa mfuasi wa Hitler, na aliongoza Msalaba Mwekundu wa Ujerumani wakati wa Wanazi. Alifariki 1954, ametozwa faini na mali nyingi zimekwenda na Warusi.

Utawala ulipoanguka 1918, Coburg na Gotha ziliachana. Novemba 1919 wananchi wa Coburg walipiga kura, wakakataa Thuringia, na mwaka 1920 wakaingia Bavaria. Mwaka 1945 Gotha ikawa chini ya Warusi na Coburg chini ya Wamarekani. Miaka arobaini ya ukuta uliogawa Ujerumani iliwapita pembeni watu wa Coburg. Katika miaka mia nane, mgawanyo pekee wa ardhi hiyo uliowafaa waliokaa juu yake ni huo waliopiga kura wenyewe.

Mangi_wa_Rombo

Mkuu, huyo Auguste mama wa mabinti umesema alitoka Reuss. Ndio wale ambao wanaume wote wanaitwa Heinrich?

Mzee_wa_Nasaba

Ndio hao. Wote, bila kubakiza, kwa namba. Ila hao wanahitaji uzi wao, na leo nimeshachelewa kula.